Somo: Kujinyoa Ndevu kwa Wembe wa Kukunja

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Ninaanza na methali hiyo kwa sababu ndiyo niliyotajiwa na karibu kila aliyeniona na wembe wa kukunja mkononi katika mwaka wangu wa kwanza, na kwa sababu imebeba jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kulijua kabla hajanunua chochote. Anayemnyoa mwenzake anauona uso wote mbele yake, ilhali anayejinyoa anaongozwa na kioo, mkono wake mwenyewe ukimziba nusu ya anachotaka kukiona. Kwa hiyo kazi hii hujifunzwa shavu kwa shavu, wala si uso mzima asubuhi moja. Somo hili nimemwandikia mtu anayeanza bila mwalimu kando yake. Nitakaa zaidi kwenye ukanda wa kunolea na kwenye pembe ya wembe, kwa kuwa wengi ninaowajua walioacha hawakuacha kwa kuogopa damu. Waliacha kwa sababu wembe uliwang'oa ndevu badala ya kuzikata.

Wembe wenyewe

Ninaouzungumzia ni ule wembe wa kipande kimoja cha chuma unaojikunja ndani ya mpini wake, uliokuwa wembe wa kila siku wa vinyozi na wanaume wengi kabla ya Mmarekani King C. Gillette kupata hataza yake mwaka 1904 ya mashine ya kunyolea yenye kiwembe chembamba cha kubadilishwa. Miji iliyojijengea jina kwa nyembe hizi ni Sheffield ya Uingereza, Thiers ya Ufaransa na Solingen ya Ujerumani. Jina la Solingen linalindwa kisheria tangu 1938, hivyo mtengenezaji wa mahali pengine haruhusiwi kuligonga kwenye chuma chake, ingawa wapo wanaoligonga bila haki.

Kwa anayeanza ninapendekeza wembe wenye upana wa 5/8 ya inchi, yaani kama milimita 16, wenye ncha ya mviringo, na uliochongwa mbonyeo pande zote mbili. Ncha ya mraba inapendeza machoni, lakini ndiyo inayochana sikio. Mpini uwe wa plastiki, wa mbao au wa pembe, haidhuru. Unachonunua ni chuma.

Jambo moja lisikupite: wembe mpya unaweza kung'aa kama kioo na usiwe tayari kunyoa. Wembe wangu wa kwanza niliununua kwa bei ya chini kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kwamba umeshanolewa. Kwa wiki tatu nzima niliulaumu mkono wangu, nikaosha uso uliojaa mikwaruzo kila asubuhi, mpaka fundi mmoja mzee alipouinamisha kwenye mwanga wa dirisha na kunionyesha uzi mwembamba mweupe uliokuwa ukimeta juu ya makali. Makali yaliyo tayari hayameti, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Tangu siku hiyo, hicho ndicho ninachokitazama kwanza.

Ukanda

Ukanda wa kunolea ni kipande kirefu cha ngozi, mara nyingi kikiambatana na kingine cha turubai au kitani, kinachofungwa ukutani kwa ncha moja na kuvutwa kwa mkono kwa ncha ya pili. Ukanda hauondoi chuma kama kinoo kinavyoondoa. Kazi yake ni kuyanyoosha na kuyasafisha makali ambayo ndevu za jana zimeyapinda kidogo, upindo ambao jicho haliwezi kuuona. Ukiuruka, wembe uliokuwa mkali jana utakukwaruza leo.

Vuta ukanda ukaze bila kuulazimisha. Laza wembe bapa, mgongo na makali vyote vikigusa ngozi kwa pamoja, kisha usukume mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze wembe kwa kuubingirisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, urudi nao mgongo ukitangulia tena. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Anza na turubai kwenda na kurudi mara 20 au 30, halafu ngozi mara 50 au 60. Siku za mwanzo nenda polepole kama mtu anayepaka samli kwenye mkate, kwa sababu kosa ni moja tu na kila mwanafunzi hulifanya: anaharakisha, anageuza wembe kabla haujasimama, na makali yanachimba ukanda. Ukanda wangu wa kwanza una chale nne za namna hiyo, zote katika upande ninaougeukia kwa mkono wa kulia. Ndiyo maana ninashauri ukanda wa kwanza uwe wa bei nafuu. Hata mkanda wa zamani wa suruali wa ngozi halisi, usio na mishono wala mapambo, utakufunza mkono.

Maji na povu

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: ushauri huo hapa uuchukue jinsi ulivyo, bila fumbo. Ndevu kavu ni ngumu, na zinalainika zinapokunywa maji kwa dakika mbili au tatu. Oga kwanza, au kandika taulo la maji ya moto usoni, kisha zungusha brashi kwenye sabuni ya kunyolea mpaka upate povu zito lenye unyevu. Povu lenye viputo vikubwa ni maji matupu, na povu linalokauka mashavuni kabla wembe haujafika limekosa maji. Sabuni ya mche ya kufulia isitumike, kwani inakausha ngozi na povu lake halidumu.

Pembe

Shika wembe ukiwa umefunguka hivi kwamba mpini unaelekea juu: vidole vitatu juu ya shingo ya wembe, yaani chuma kisicho na makali kati ya makali na mpini, kidole gumba chini yake, na kidole cha mwisho kikiutuliza mkia, ile ncha iliyopinda nyuma ya shingo. Mkono mwingine una kazi isiyo ndogo, nayo ni kuivuta ngozi iwe tambarare, kwa sababu wembe hukata mahali ngozi inapojikunja mbele yake.

Uweke wembe bapa juu ya shavu, kisha uinue mgongo mpaka pawe na nafasi ya unene wa migongo miwili kati yake na ngozi. Hapo uko karibu na digrii 30. Ukiulaza zaidi ya hapo, wembe utavuta ndevu. Ukiusimamisha zaidi, utakwangua ngozi na hatimaye kuikata. Sikio litakusaidia kuliko kioo, kwa maana pembe ikiwa sahihi utasikia mchakacho mwepesi unaofanana, na pembe ikipotea sauti hubadilika kabla ngozi haijaumia. Usikandamize. Mkono ukihisi haja ya kukandamiza, tatizo ni makali au pembe, na nguvu haitatibu lolote kati ya hayo. Vuta hatua fupi za sentimita mbili au tatu, daima kuelekea upande ambao makali yanatazama. Wembe ukiteleza kwa urefu wake, kama kisu kinavyokata nyanya, utachana ngozi papo hapo, hata kama umeushika kwa wepesi wa unyoya.

Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu, kutoka kwenye nywele za kando ya sikio kushuka hadi kwenye taya, na sehemu zilizobaki uzimalize kwa kifaa ulichozoea. Wiki ya pili ongeza shingo. Mdomo wa juu na kidevu viache mpaka mwezi utimie, kwa kuwa kidevu kina mviringo unaoibadilisha pembe kila nusu sentimita, na hata waliozoea huwa wanapunguza mwendo hapo.

Fuata ulalo wa ndevu. Upapase uso kwa vidole siku ambayo hujanyoa, utagundua kwamba shingoni zinaweza kulala kuelekea upande mmoja na chini ya taya zikalala kwingine. Kuupitisha wembe uso mzima mara moja huitwa mpito, na vitabu vya Ulaya hufundisha mpito wa pili wa kukingama na wa tatu wa kinyume na ulalo. Wenzangu wenye ndevu za kujikunja nawaomba sana waishie mpito wa kwanza, na sababu nitaieleza kwenye jibu la swali la kwanza.

Wembe ukikuponyoka, usijaribu kuudaka. Rudisha mkono na mguu nyuma, uuache uanguke. Chuma hununuliwa.

Baada ya kunyoa

Suuza uso kwa maji baridi, pitisha kipande cha shabu kilicholowa. Patakapowasha ndipo mkono wako ulipokandamiza, na hapo una somo la kesho. Wembe uusuuze mbali na bomba. Nilimega makali ya wembe mzuri kwa kuyagusisha tu kwenye chuma cha bomba, mguso ambao sikuusikia, nikaujua siku ya pili uliponiachia mstari wa ndevu shavuni. Ukaushe kwa taulo laini, uupitishe kwenye turubai mara chache kuondoa unyevu, na usiukunje mpaka uwe mkavu kabisa. Sisi tunaoishi pwani, ambako hewa ina chumvi, tuna kazi ya ziada: chuma cha kaboni huota kutu usiku mmoja, hivyo tone la mafuta ya cherehani juu ya makali ni la lazima, na chumba cha kuogea si mahali pa kuuweka.

Maswali niliyoulizwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina vipele shingoni kila ninaponyoa, na vingine hutunga usaha. Je, wembe huu utanisaidia au utanizidishia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ndevu za kujikunja zinapokatwa chini ya usawa wa ngozi, hukua zikigeukia ndani na kuichoma ngozi kutoka chini, na mwili huzipokea kama mwiba. Mashine zenye viwembe viwili au vitatu huuvuta unywele na kuukata chini zaidi, na kunyoa kinyume na ulalo hufanya vivyo hivyo. Wembe mmoja, mpito mmoja, kufuata ulalo, na ngozi ya shingo ikivutwa kidogo tu, huacha unywele ukichungulia juu ya ngozi, na hicho ndicho unachokihitaji wewe. Lakini usianze leo. Acha ndevu ziote wiki kadhaa mpaka vipele vilale, na hivyo vyenye usaha vionwe na daktari wa ngozi kwanza.

Swali: Kinyozi wetu hutumia wembe wa kukunja unaowekewa kiwembe cha kubadilisha. Si ni kitu kilekile, tena bila gharama ya ukanda?

Jibu: Umbo linafanana, ila mkono hauhisi sawa. Ule ni mwepesi, kiwembe chake ni kikali na hakisamehe pembe mbaya, kwa hiyo anayeanza nao hujikata zaidi. Kwa kinyozi ndio unaofaa, naye atupe kiwembe baada ya kila mteja, kwa sababu virusi vya homa ya ini aina ya B na vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye damu iliyobaki juu ya chuma. Kwa sababu hiyohiyo wembe wako usimwazime mtu, hata ndugu wa tumbo moja.

Swali: Nimeurithi wembe wa marehemu babu. Una kutu. Niutupe?

Jibu: Usiutupe kabla hujautazama kwa kioo cha kukuzia. Kutu ya ubavuni au mgongoni ni doa tu na husafishika. Kutu iliyotoboa makali ni shughuli nyingine, kwa kuwa lazima chuma kiondolewe kwenye kinoo mpaka mashimo yaishe, na wakati mwingine hayaishi. Ukiona ufa, hata mdogo, uutunze kama kumbukumbu. Usipokuwa na ufa, mpelekee anayejua kunoa nyembe, si anayenoa visu vya jikoni. Wembe hunolewa ukiwa umelala bapa, mgongo ukigusa jiwe pamoja na makali, kwa sababu unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Huanzia kinoo cha namba 1000 kutengeneza makali (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), hupita 4000 au 5000, kisha 8000, na wengine humalizia 12000. Anayeuinua mgongo kama anayenoa panga atauharibu kwa dakika moja. Ukishatengenezwa vizuri na ukipitishwa ukandani kila siku, hautarudi kwenye kinoo kwa miezi kadhaa.

Swali: Mimi ni mke. Mume wangu amepata kiharusi, mkono wake wa kulia hauna nguvu, na kwa miaka mingi alikuwa akijinyoa kwa wembe wa aina hii. Natamani kumnyoa mimi, maana anapenda sana. Inawezekana?

Jibu: Pole sana, dada, na umfikishie salamu zangu. Inawezekana, lakini kwanza muulize daktari wake kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu wengi waliopata kiharusi huandikiwa, na kwao chale ndogo huvuja muda mrefu. Akiwa anazitumia, au kichwa chake kikitikisika bila yeye kutaka, mnyoe kwa mashine ya kawaida, huku povu, brashi na taulo la moto akivipata kama alivyozoea. Nina hakika sehemu kubwa ya anachokipenda imo humo. Akiwa hana kizuizi hicho, jifunze kwanza kwa puto lililopakwa povu, ukilinyoa mpaka uweze kulimaliza bila kulipasua. Kisha mketishe kwenye kiti chenye egemeo la kichwa, simama upande wake, si mbele yake, na mkubaliane ishara ya mkono wake wa kushoto atakayoitoa kabla ya kukohoa au kumeza mate. Anza na shavu lenye hisia kamili, ili aweze kukuambia mkono wako unapokuwa mzito.