Ukiuzisha franga za zamani ku intaneti, pima mnunuzi mbele ya kupima bei

Ba yaya na ba dada, mnaniulizaka kila wiki mi nafanyaka je ili wezi wasinidanganye ku hii biashara, basi leo naandika yote mara moja juu nimechoka kurudilia ku vokali (meseji za sauti). Kwanza tuelewane ku neno: kwetu Lubumbashi "kuuza" ni kununua, na "kuuzisha" njo kuuza, kwa hiyo msomaji wa Dar au Mombasa asishangae, hapa nitasema kununua na kuuzisha tu, asipotee mtu.

Vitu vyangu ni franga (sarafu za chuma), noti na tembre (stempu) za posta. Za Kongo ya Wabelgiji, za Katanga ya Tshombe, wakati ilijitenga na Kongo (1960 mpaka 1963), na noti za Zaire kama ile ya milioni tano ya 1992. Nyingi haziko na bei ya kukutoa jasho. Lakini ziko chache zenye makuta (pesa) ya kweli, na yenye inaleta watu wabaya kuliko zote ni franga 5 ya Katanga ya 1961, ile ya dhahabu. Mkungu wa ndizi upande moja, msalaba wa shaba upande ingine, gramu 13.33. Shida iko hapa: ndugu yake ya brons (shaba nyeusi) ina sura ile ile kabisa, na bei yake ni kidogo sana, sasa mtu akishapaka ile ya brons rangi ya dhahabu anabakia tu kutafuta wa kumbadilishia.

Kitu moja nimekamata ku hii kazi: mnunuzi mbaya anajionyesha mwenyewe, na anajionyesha mapema, mbele hata hajaongea malipo. Mwenye anapenda kitu anaulizia kitu. Mwizi anaulizia haraka, njia, na "nani atakuja kuikamata" (kuichukua). Angalia meseji mbili. Moja ilikuya saa sita ya usiku: "Papa bonjour, ile kintu ingali? Bei ya mwisho ngapi? Niko seriyo, tuma leo leo, petit yangu anakuya kuikamata." Ya pili ilitoka kwa mzee moja wa Kamalondo: "Inapima gramu ngapi? Ulishaisugua?" Maneno ine tu, lakini mi nikajua papo hapo niko na mtu wa kuongea naye. Juu franga ya zamani ukiisugua ing'ae, umeua bei yake, na anayekusanya anajua hiyo vizuri kuliko jina la bibi yake. Yule anayekuambia "isugue kwanza iwe muzuri" si lazima awe mwizi, ila atakuletea mambo kisha: atasema haing'ai kama ku foto, atataka umrudishie nusu ya makuta. Huyo namwachaga pole pole.

Basi mi mtu akiniandikia sijibu bei kwanza. Namuuliza: "Unakusanyaka nini?" Swali ya bure kabisa na inafanya kazi kuliko kuomba karte (kitambulisho). Wa kweli atakuandikia mpaka uchoke, atakutumia foto za albamu yake, atakulaumu hata namna umeshika noti na vidole. Mwingine atasema "byote" halafu anarudi ku bei. Kisha naomba kitu kidogo, tuongee ku video dakika mbili, nimwonyeshe kitu ku mizani naye anionyeshe sura. Kama kuran (umeme) imekatika leo, sawa, kesho. Kama imekatika siku nne na wakati huo ana intaneti ya kuniandikia kila saa, nimeelewa.

Msidanganyike na nguo, nawaambia. Kuna kijana alitoka Katuba na sandali zimekatika, akalipa cash yote bila kuomba hata dola moja ipunguke, na kuna tajiri wa gari kubwa alinizungusha miezi miwili kwa tembre ya dola kumi na tano. Akaunti mpya pia si dhambi, kila mtu alianza siku moja. Mtu simjui, namuuzishia kwanza kitu kidogo, naangalia analipa je, anaongea je akishapata, njo ya kubwa inafuata.

Malipo ya simu. Hapa njo watu wengi wanaanguka, na mi nilianguka karibu. Mnunuzi anakuambia ametuma, kweli simu inalia, meseji iko na maneno yote sawasawa na ile ya M-Pesa ao Airtel Money, kiasi, namba ya transaksyo, kila kitu. Ila ukiangalia imetoka ku namba ya mtu, ya kawaida, hapana ku jina la servisi. Ameiandika yeye mwenyewe! Wengine wanaendelea mbele: "pole papa nimetuma mingi, nirudishie dola hamsini", na wewe kwa huruma unamtumia yako ya kweli. Kanuni yangu ni moja: meseji siisomi, kapture ya ekran (picha ya simu yake) siiangalii, naingia ku menu mwenyewe naona salio. Salio haijapanda, kitu haitoki mu mfuko. Na kama rezo (mtandao) inasumbua, tunangojea wote wawili, hata akasirike. Mwizi anapenda "kulipa" jumamosi magaribi wakati ajenti wanafunga, mnajua kwa nini.

Ndugu yake ni yule wa kulipa zaidi. Kitu unauzisha 1,200, anasema atatuma 1,500, ile 300 umpe mtu wake wa transport. Inaonekana kama faida lakini fuata makuta: ile 1,500 ni ya cheki ya uongo ao ya akaunti ya kuibwa, itarudishwa kisha ya siku chache, na ile 300 ulitoa ni yako ya kweli, pamoja na franga yenyewe imeenda. Hakuna mnunuzi wa kweli anayehitaji wewe umlipie mtu wake. Ukisikia tu hiyo, funga mazungumzo, usitafute maelezo.

Wa hapa mjini nakutana naye ndani ya banki, hapana ku parsele (nyumbani) yangu, hapana pembeni ya barabara ku Kenya (komine ya Kenya, si inchi). Kitu moja tu mu mfuko, ile tumepatana, nyingine zinabakia nyumbani na hata siziongelei. Dola zinahesabiwa ku gishe (dirisha la banki). Mnajua kwetu dola yenye imepasuka hata kidogo hakuna anaipokea, kwa hiyo mwambie mbele, usije ukabishana naye pale. Ile ya mia yenye utepe wa buluu, iliyotoka 2013, igeuze-geuze: kengele ndani ya utepe zinageuka kuwa 100, na kengele ya mu chupa ya wino inatoka rangi ya shaba inakuwa kijani. Mji wa shaba kabisa, tusishindwe kujua rangi ya shaba!

Wa ngambo njo wanalipa muzuri na njo wanasumbua kwa namna ya kisomi. Mi napitia kwa shemeji yangu Brussels, yeye ana akaunti ku masoko ya intaneti, eBay na Delcampe, ile ya Wabelgiji ya tembre na franga. Jueni kitu kuhusu eBay: tangu 2008 muuzishaji hawezi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya. Kwa hiyo mnunuzi mwenye alama safi asilimia mia, hiyo haikuambii kitu, kila mnunuzi iko safi. Geuza ukurasa, soma maoni yenye yeye aliwaandikia wengine. Kama kila muuzishaji kwake ni mwongo, kila koli (mzigo wa posta) ilifika imevunjika, wewe pia utakuwa mwongo wiki ijayo. Ku settings kuna namna ya kukataza wenye walishaacha kulipa, na ya kutaka malipo papo hapo ku bei ya moja kwa moja. Asipolipa siku nne, futa, usimbembeleze.

Kisha adresi. Koli inaenda ku adresi yenye iko ku malipo, hapana ku "kaka yangu ku hoteli". Akibadilisha kisha ya kulipa, shemeji anafuta biashara, anarudisha makuta, anamwambia anunue tena na adresi sawa. Wa kweli anakubali. Na kama inalipwa na PayPal (njia ya kulipa ku intaneti), kumbuka mnunuzi ana siku 180 za kufungua malalamiko, karibu nusu mwaka, kwa hiyo usile makuta yote na usitupe karatasi za posta. Kuanzia dola 750 wanataka saini ya mwenye kupokea, bila hiyo unabakia bila kinga akisema hakuona koli.

Wizi ya kubadilisha noti ilitupata sisi. Tuliuzisha noti ya Katanga, safi, haijakunjwa. Kisha ya wiki tatu mtu anasema haiko kama ku foto, anarudisha. Shemeji anafungua: noti imekunjwa mara nne na pembe moja imekatika. Bahati tulipiga foto ya namba ya serie mbele na nyuma, na namba ya ile noti alirudisha ilikuwa ingine! Alikuwa na mbovu yake nyumbani, akataka kuibadilisha na yetu. Tangu ile siku kila noti namba inaandikwa mu kayee (daftari), kila franga inapimwa mbele ya kamera na mkwaruzo wake moja unapigwa foto ya karibu, na koli inafungwa ku video bila kukata. Na tunamwambia mnunuzi mbele kabisa kama tunafanya hivyo. Wengine wakisikia tu wanapotea, na hiyo njo kazi yenyewe ya video.

Mwenye anakuulizia pembe za tembo, ao mask ya zamani "uandike ku koli ni mbao tu", mbloke bila kujibu. Vitu vya urithi viko na sheria tangu 1971, na pembe haziuziki ngambo, mtu wa vile atakuacha wewe ku duane (forodha) na yeye hajulikani.

Kukataa nako kuna namna. Usimtukane mtu, Lubumbashi ni ndogo, kesho mtakutana ku matanga. Mi nasema "samahani papa, ilishapata mwenyewe" basi. Wala siweki foto yake ku Facebook niandike mwizi, ukikosea ni wewe utaenda kujieleza. Namba naandika mu kayee, natumia wenzangu wawili wenye tunafanya kazi moja, na wao wananitumia zao. Namba wanabadilishaka, foto ya profili wanabadilishaka, ila namna ya kuandika inabakia. Kuna moja anaanzaka kila mara "bonjour papa mpenzi wa vitu vya wazee", alishanijia na namba tatu, ya mwisho alijiita mama wa Likasi.