Kukadiria umri wa tangazo la duka la kijijini katika gazeti la zamani la Tanganyika

Jalada lenye tarehe likishang'oka, anza na bei. Bei ya rupia na heller (sehemu ndogo za rupia) ni ya enzi ya Mjerumani. Shilingi ya Afrika Mashariki iliingia 1921, ya Tanzania ikafuata Juni 1966. Sh. 2/50 ni shilingi mbili na senti hamsini. -/50 ni senti hamsini tupu, wala si chapa iliyofutika.

Kisha tazama anwani. "Tanganyika Territory" ni kabla ya uhuru wa 1961. "Tanzania" haikutumika kabla ya mwishoni mwa Oktoba 1964. "Duka la ujamaa" kwa kawaida ni baada ya Azimio la Arusha, 1967.

Geuza ukurasa, upapase nyuma kwa ncha ya kidole. Herufi za madini ya risasi hukandamiza karatasi na kuacha vijinundu. Uchapaji wa ofseti, usiokandamiza karatasi, huacha nyuma laini.

Hapa ndipo wengi hukosea: mchapaji aliweza kutunza bamba la tangazo na kulirudia miaka kadhaa, kwa hiyo picha ya cherehani huenda ni kongwe kuliko toleo lenyewe. Linganisha kwa lenzi matoleo mawili yenye tangazo hilohilo: mstari wa fremu uliokatika haujiungi tena, basi toleo lenye ufa ndilo la baadaye.

Ukiskani, tumia dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) na uweke karatasi nyeusi nyuma, la sivyo maandishi ya upande wa pili yatajitokeza. Usibandike selotepu, gundi yake hugeuka njano na kula wino.