Kupikia na kuishi na mgonjwa wa dayalisisi huku kwetu

Kama kwenu kuna mtu ameanza dayalisisi, iwe pale Russia Kisumu, yaani hospitali ya Jaramogi, ama hospitali ingine yoyote, kitu cha kwanza ningependa mjue ni kwamba mashine inamuosha damu kama masaa manne hivi na wengi wetu huku tunaenda mara mbili tu kwa wiki, halafu siku zingine zote chumvi, maji na potasiamu (madini ya kwa chakula) vinabaki ndani vikijaa juu figo hazivitoi tena. Kwa hivyo mwenye kushika mwiko ni kama daktari wa pili. Mimi nampikia mzee wangu na naandika hii kwa yule mama, dada ama kijana ambaye ameachiwa jikoni akaambiwa tu "apunguze chumvi" bila mtu kumuelezea zaidi.

Nianze na mboga juu hapo ndio kuna shida kubwa. Potasiamu iko karibu kwa kila chakula lakini kuna vyakula imejaa, na vingi ni vile tunapenda: ndizi, avokado, machungwa, viazi, viazi vitamu, nduma, maharagwe, nyanya nyingi, na mboga zetu za kienyeji kama managu, terere, kunde na saga. Ikipanda sana kwa damu inavuruga mapigo ya moyo na moyo unaweza kusimama, wakati mwingine bila dalili ya maana kabla. Si ati hizi vitu ni mbaya, mtu mwenye figo nzima azile ashibe. Ni kwa mgonjwa wako ndio hazina mlango wa kutokea.

Sasa sikiza hii watu wa Vihiga, Kakamega, Busia na hata Siaya. Ile munyu ya kienyeji, musherekha, ile inachujwa kutoka kwa jivu la maganda ya maharagwe ama magunzi ya mahindi, hiyo ndio potasiamu yenyewe. Watu wanamnyima mgonjwa chumvi ya duka halafu wanamwekea musherekha kwa mrenda wakidhani wamemsaidia juu ni kitu ya asili. Usimpe hata kidogo. Na ile chumvi ya duka imeandikwa sodiamu (ile ya chumvi ya kawaida) imepunguzwa, soma pakiti vizuri, mara nyingi wameweka potasiamu mahali pa sodiamu, kwa hivyo hiyo pia achana nayo. Magadi nayo ni sodiamu, inaleta kiu na presha. Tumia kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, dania kidogo na ndimu ya kukamulia juu, na vile viungo vya pakiti vya kukoleza mchuzi uviache dukani maana karibu vyote ni chumvi.

Kuna njia ya kupunguza potasiamu na wazee wetu walikuwa wanaifanya bila kujua. Vile saga ama managu inachemshwa maji yanamwagwa ndio uchungu utoke, basi fanya hivyo kwa kila mboga na kwa viazi pia. Menya, katakata vipande vidogo sana, loweka kwa maji ya vuguvugu mengi masaa mawili ama zaidi, mwaga, suuza, chemsha kwa maji mapya mengi, mwaga tena, ndio sasa ukaange na kitunguu. Hayo maji ya kuchemshia usiyafanye supu wala kupikia ugali. Potasiamu inapungua, haiishi, kwa hivyo hata baada ya hayo yote mpimie kidogo. Na mkishamwaga maji msije mkamwaga maziwa ndani vile tumezoea, maziwa yana fosforasi, madini ingine figo zake hazitoi, na potasiamu pia.

Siku nyingi rahisi kwangu ni kabichi, imechemshwa na kukamuliwa, na ugali wa unga mweupe wa pakiti ama mchele. Unga wa posho mill wenye makapi, wimbi na mtama una fosforasi na potasiamu zaidi. Matunda, kipande cha nanasi ama tufaha moja dogo kwa siku inatosha.

Kwa protini watu wanachanganyikiwa. Kabla ya mashine pengine daktari alimwambia apunguze nyama, lakini akishaanza dayalisisi anahitaji protini zaidi juu mashine yenyewe inatoa nyingine, na akikosa anakonda na kuvimba. Mpe samaki, mpe kuku, mpe yai hasa ule ute mweupe. Kipande cha mbuta ama ngege fresh, kama kiganja chake, ni sawa kabisa. Omena ndio ngumu kwangu kusema juu hapa kwetu ndio mboga ya kila siku: inaliwa na mifupa yake, na fosforasi imekaa kwa mifupa, kwa hivyo iwe mara moja moja na kidogo. Obambla, yule samaki wa kukaushwa, na samaki yoyote wa chumvi, hapana. Soda nyeusi pia ina fosforasi. Hii fosforasi ndio inamfanya ajikune usiku kucha na mifupa kuuma baadaye, na kama amepewa tembe za kuishika basi azimeze pamoja na chakula, si masaa mawili baadaye, zikikosa chakula tumboni hazina kazi ya kufanya.

Maji sasa. Joto la Kisumu mnalijua, mwezi wa pili mtu mzima tu anakunywa lita tatu. Wengi wanaambiwa kipimo ni mkojo wa jana pamoja na kama nusu lita, lakini chake apewe na daktari wake. Mimi nafanya hivi: asubuhi najaza chupa kipimo chake cha siku nzima naweka mezani. Akinywa kikombe cha chai namwaga kikombe hicho hicho kutoka kwa chupa, akinywa uji namwaga, supu namwaga, maji ya kumezea dawa anakunywa kutoka hapo hapo. Chupa ikiisha siku imeisha na yeye mwenyewe anaiona, hatugombani. Kiu ikizidi anasukutua mdomo na maji baridi anatema, ama ananyonya kipande cha barafu ambacho pia kimehesabiwa. Nunueni mizani, kilo moja ikiongezeka kati ya siku moja ya mashine na ingine ni kama lita moja imebaki mwilini, na mtamuona anavimba miguu na kushindwa kulala chali.

Kitu ingine ni wikendi. Kama siku zake ni Jumatatu na Alhamisi, basi kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ndio pengo refu, na matanga huku kwetu yanakuwa Ijumaa na Jumamosi. Anaenda nyumbani, anakaribishwa, nyama ya mchuzi wa chumvi, soda, kila shangazi anamsukumia sahani na kukataa ni kama kudharau. Ongea na mwenye boma mapema, kwa heshima, mwambie mzee ana chakula chake kimepakiwa. Wakijua ni ugonjwa hawakasiriki.

Mkono wenye fistula, yaani ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji wa kuwekea mashine, usipimwe presha, usitolewe damu, usibebe debe la maji wala gunia, asiulalie. Kila asubuhi awekelee vidole asikie ule mtetemo, ukipotea muende hospitali siku hiyo hiyo. Kama ana mpira wa mashine shingoni usilowe maji wakati wa kuoga, na akipata homa na kutetemeka msingoje. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen asinunue kwa kemia bila daktari kujua, na dawa za miti shamba hata zikiletwa na mtu mnampenda aziache. Tembe za presha ulizeni kama anameza kabla ama baada ya mashine, juu presha yake inaweza kushuka akiwa pale. Kama ana sukari pia na imeshuka ghafla, mpe vijiko vidogo vitatu vinne vya sukari kwa maji kidogo, si jusi ya machungwa.

Akilegea miguu ghafla, moyo ukidunda vibaya ama pumzi ikikata, hiyo si ya kungoja Jumatatu hata kama ni saa nane usiku. Tafuteni gari, na mkifika mlangoni mwambieni daktari wa kwanza kwamba ni mgonjwa wa dayalisisi, siku ya mwisho ya mashine ilikuwa lini, na amekula nini tangu hapo.