Daihedro kwenye ndege ya fomu isiyo na mkia: weka kidogo au acha kabisa

Wakuu, naona wengi mnaojenga hizi ndege ndogo za rimoti za bawa tupu, za fomu (povu gumu), mnainua ncha za mabawa zikae kama V (hiyo ndo daihedro) kama za ndege ya kujifunzia, digrii tano sita, halafu upepo wa bahari pale Coco Beach ukiipiga inaanza kukata kiuno hewani kama iko kigodoro. Hapo daihedro imezidi nguvu ya vile vibawa vya wima vya nchani vinavyoshika pua isiende kushoto kulia.

Ishu ni kwamba bawa lililolala nyuma (ncha zimerudi kuelekea mkiani) lina daihedro yake ya bure. Ndege ikiteleza upande, bawa la upande huo linapokea upepo ulionyooka zaidi, linanyanyuka, ndege inajirudisha yenyewe, na ukiruka taratibu pua juu ndo inazidi. Kwa hiyo bawa limelala digrii 20 au 30 na una elevoni (vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyopandisha pua na kuiinamisha ndege upande)? Weka sifuri, sana sana 1. Bawa lililonyooka ambalo unakata kona kwa usukani wa wima (rada) peke yake, hilo ndo lina haja nayo kweli, bila hiyo haligeuki vizuri.

Kupima usihangaike na protrakta. Pima toka katikati mpaka nchani, zidisha na 0.0175 kwa kila digrii, yaani sm 60 kwa digrii 2 ni sm 2.1 kila ncha. Ila ukilaza bawa moja bapa mezani ukainua lingine tu inakuwa 4.2, na hapa ndo watu wanachemka.

Mashina ya mabawa (pale yanapokutana katikati) yapige msasa kwa mshazari yakutane bila mwanya, paka epoksi ya dakika 30 (supa gluu inakula fomu nyeupe), na kabla haijashika chungulia kwa nyuma uone mabawa hayajapishana mpindo, maana hilo baya kuliko kukosea daihedro.

Kama fimbo yako ya kaboni ni moja imepita kote, haikunjiki, so tumia ujanja: bawa nene sm 4 shinani na 2 nchani, fanya upande wa juu ndo uwe bapa, mstari wa katikati ya unene unapanda sm 1, kwenye sm 60 hiyo karibu digrii 1 tayari. Ukifanya bapa chini, ncha zinashuka badala ya kupanda.

Ikicheza bado, ongeza vibawa vya nchani kwanza kabla hujakata gundi.