Somo: Kumpata mshauri wa asbesto kwa jengo la umma, kabla fundi hajapanda juu ya paa

Kamwene wakuu. Baridi ya mwezi wa sita imeshaingia hapa Iringa, na ndio msimu ambao simu yangu haitulii: kuna zahanati ya kukarabati, kuna bweni la kubadilisha paa, na paa lenyewe ni lile la kijivu, zito, lililoota kuvu, la shiti za saruji zenye asbesto: nyuzi za madini ambazo ukizivuta zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Nilikuwa mkadiriaji majenzi halmashauri kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nitawaandikia ninavyofahamu, mkinikosoa sawa.

Nianze na aibu yangu. Kwenye halmashauri moja ya nyanda hizi, sitaitaja, tuliandaa mchanganuo wa gharama za kukarabati kituo cha afya. Kwenye mstari wa paa la zamani niliandika maneno mawili tu: "kuondoa bati". Mkandarasi akaja na vijana sita na nyundo. Walipiga boliti, shiti zikadondoka chini zikavunjika, vumbi likasambaa hadi kwenye benchi la kina mama wanaosubiri kliniki. Vipande vizima akapewa mlinzi kama zawadi, akaezekea banda la nguruwe. Hakuna aliyeiba wala aliyetaka kuua mtu. Mimi niliandika maneno mawili, na kila mtu akafanya kilichoandikwa.

Hatua ya kwanza: tenganisha anayepima na anayebomoa

Hapa ndipo wengi tunapopotelea. Mshauri mwelekezi anakuja kukuambia asbesto iko wapi, ina hali gani, ipi iachwe, ipi ifunikwe, ipi iondolewe. Mkandarasi anakuja kuondoa. Ukimpa mtu mmoja kazi zote mbili, usishangae akikuambia kila kitu kiondolewe, maana analipwa kwa mita ya mraba. Au kinyume chake: akijikuta ameweka bei ndogo, ataondoa nusu na kukuandikia cheti kwamba hewa ni safi. Anayepima hewa baada ya kazi asiwe na hisa, ubia wala undugu wa karibu na aliyebomoa.

Hatua ya pili: zunguka jengo mwenyewe

Kabla ya zabuni, nenda na daftari. Uliza mwaka jengo lilipojengwa na miaka lilipoongezwa vyumba, maana paa la upande mmoja linaweza kuwa la zamani na la upande mwingine likawa la juzi. Angalia juu, angalia silingi bodi, angalia mabomba ya saruji ya maji, mabati ya choo cha nje, hata sanduku la fyuzi la zamani. Kwenye hospitali zilizokuwa na boila, mabomba ya mvuke yaliyofungwa kitu kama plasta nyeupe laini ndiyo ya kuogopa kuliko paa. Shiti ya saruji ina nyuzi za asbesto kiasi cha asilimia 10 hadi 15, zimeshikwa na saruji. Ile plasta ya bomba haijashikwa na chochote, ukiigusa inapukutika.

Ukikuta kipande kilichovunjika, usikishike. Kiangalie tu pembeni pale kilipokatika, jua likiwa upande: utaona nyuzi fupi zimejitokeza, laini, kama ukingo wa kanga iliyochanika. Lakini jicho haliamui. Shiti mpya za saruji zisizo na asbesto nazo zina nyuzi, za mimea au za plastiki. Anayeamua ni maabara yenye hadubini.

Wakati unazunguka, andika na vingine: tyubu laiti zilizorundikwa stoo (zina zebaki), vipimajoto na mashine za presha za zebaki, transfoma ya zamani inayovuja mafuta, rangi za zamani zenye risasi, kemikali za maabara ya shule ambazo lebo zimefutika. Jengo likiwa na chumba cha eksirei, Tume ya Nguvu za Atomiki ijue kabla hujagusa ukuta. Mshauri mmoja anaweza kuvipima vyote kwa safari moja, na nauli ya kutoka Dar es Salaam ukailipa mara moja.

Hatua ya tatu: hadidu za rejea

Ndiyo maandishi yanayomweleza mshauri kazi unayotaka aifanye. Ukikosea hapa, hakuna mkataba utakaokuokoa. Hadidu nyingi ninazoonyeshwa zimenakiliwa kutoka kazi ya barabara, zimebadilishwa jina. Andika haya kwa lugha yako:

Sampuli. Kila aina ya malighafi, kila awamu ya ujenzi, ichukuliwe sampuli yake. Inachukuliwaje? Sehemu inalowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, kinakatwa kipande kama ukucha wa dole gumba, kinafungwa mifuko miwili, kinaandikwa namba, halafu tundu linazibwa. Mshauri akikuambia atamtuma mlinzi amvunjie kipande, mshukuru na umuage.

Maabara. Dai iwe na ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, kwa kipimo hichohicho cha asbesto. Kuwa nayo kwa kupima maji hakusaidii. Maabara iwe ya hapa nchini au ya nje, cheti kiambatishwe.

Rejista. Hii ndiyo bidhaa unayoinunua, ripoti nene ni mapambo. Rejista ni orodha: chumba gani, kitu gani, mita ngapi za mraba, picha, hali yake, na uamuzi. Nakala moja ibaki kwa mwalimu mkuu au mganga mfawidhi, siyo kabatini kwa mkurugenzi, kwa sababu fundi wa umeme atakapokuja kutoboa dari mwaka kesho hatapita halmashauri kwanza.

Mpango wa kuondoa. Kulowanisha, kufungua boliti badala ya kupiga, kushusha shiti nzimanzima kwa kamba, kufunga kwenye plastiki nene tabaka mbili, kubandika tahadhari. Mashine ya kukatia marufuku. Kufagia kukavu marufuku. Barakoa daraja la P3, zinazochuja vumbi laini kabisa. Zile za buluu tulizovaa wakati wa Uviko hazizuii nyuzi hizi. Ovaroli haziendi nyumbani kufuliwa na mama watoto.

Na mwisho, taka zitazikwa wapi. Mshauri ataje eneo na alete barua ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) kabla shiti ya kwanza haijashuka. Hapa ndipo gharama kubwa hujificha.

Hatua ya nne: zabuni na kupima wazabuni

Kazi iingie kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, itangazwe kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, kama huduma ya ushauri elekezi. Usiiweke kama kazi ya ujenzi. Kwa huduma za namna hii mimi napendelea uamuzi wa ubora pamoja na gharama, uzito 80 kwa andiko la kitaalamu na 20 kwa bei. Bei ya chini peke yake itakuletea mtu wa kupiga picha kwa simu.

Angalieni mtego mmoja. Andiko linakuja na wasifu wa bwana mkubwa, miaka 25 ya uzoefu, halafu siku ya kazi anashuka kijana kwenye basi hapo Ipogolo na begi la laptop, hajawahi kuvaa barakoa ya P3. Waulize kwenye majadiliano: nani atapanda juu ya paa? Jina lake liandikwe kwenye mkataba, na kumbadilisha kuhitaji kibali chako. Wataalamu wa mazingira wawe wamesajiliwa NEMC, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wajulishwe kabla ya kazi. Wote wana ofisi za kanda Mbeya, kwa hiyo kisingizio cha umbali hakuna.

Hatua ya tano: kalenda

Wanafunzi wanafunga mwezi wa sita, mvua hakuna, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kufungua paa. Lakini mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Mnajua kinachofuata: kazi inakimbizwa, shiti zinapigwa nyundo ili hati ya malipo iwahi. Fanya upimaji mwezi wa tisa au wa kumi, mkandarasi apatikane kufikia mwezi wa tatu, vifaa viwepo site mwezi wa tano. Desemba nayo ni likizo, ila kwa mvua za huku Njombe na Mbeya utamwacha mganga analoana na dawa zake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu mkuu, Mufindi: Shikamoo mzee. Darasa moja linavuja, bati ni hizo za kijivu. Nimwite fundi azibe tundu au nifunge darasa?*

Marahaba mwalimu. Darasa usilifunge. Shiti nzima isiyotobolewa wala kukwaruzwa haitoi nyuzi nyingi. Fundi asitoboe, asisugue kuvu, asikanyage. Tundu linaweza kuzibwa kwa lami ya kupaka, fundi akiwa kwenye ubao unaolala juu ya mihimili. Vipande vilivyoanguka uwanjani ndivyo vya kushughulikia leo. Sisi utotoni tulikuwa tunavitupa motoni vipasuke kama bunduki, na watoto wa sasa hawana tofauti.

*Fundi, Tukuyu: Mzee, mimi nimeshusha paa hizo miaka 15, sijawahi hata kukohoa. Si mnatutisha tu ili washauri wale hela?*

Fundi, swali la haki, na washauri wa kula hela wapo. Lakini ugonjwa huu hauna haraka. Saratani ya utando wa mapafu huja mara nyingi miaka 20 hadi 40 baada ya kuvuta nyuzi, wakati mwingine zaidi. Miaka 15 bado ni mapema. Na kama unavuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu inapanda sana kuliko ingekuwa kwa kimoja peke yake. Nakuomba mambo mawili: acha sigara, na ukienda hospitali kwa kifua mwambie daktari kazi uliyofanya, maana hataiuliza.

*Afisa ununuzi, Mbeya: Mkuu, nikitenganisha mshauri na mkandarasi, wakaguzi hawataniambia nimegawa zabuni?*

Kugawa zabuni ni kuikata kazi moja vipande ili ikwepe kiwango cha njia ya ushindani. Hapa ni aina mbili za ununuzi: ushauri na ujenzi. Weka kwenye faili dokezo la ukurasa mmoja linaloeleza mgongano wa maslahi, lisainiwe kabla ya tangazo. Likisainiwa baada ya hoja ya ukaguzi halitakusaidia.

*Mama wa kamati ya zahanati, Njombe: Maji ya mvua tunayakinga kwenye paa hilohilo. Tumekunywa miaka yote. Tunakufa?*

Hapana mama, usilale na hofu hiyo. Hatari iliyothibitika ni ya kuvuta kwa pua. Shirika la Afya Duniani halikuona ushahidi wa kutosha kwamba asbesto ya kwenye maji ya kunywa inadhuru. Lakini tope la kwenye gata na chini ya tangi likikauka linageuka vumbi. Likusanyeni likiwa bado bichi, mlifunge kwenye mfuko, na mvua ya kwanza ya msimu iacheni imwagike.

*Diwani, Makete: Kwa nini tusizike tu dampo letu, tuna gari na kijiko?*

Mheshimiwa, dampo la kawaida lina watu wanaochokonoa wakitafuta vyuma, na kijiko kinavunja kila kitu kikisawazisha. Asbesto inataka eneo lililoruhusiwa, lifunikwe udongo siku hiyohiyo, liwekewe alama na vipimo vyake viandikwe ramani ya kijiji, asije mtu miaka ijayo akachimba msingi wa nyumba. Likipatikana eneo la namna hiyo ndani ya wilaya yako, kwa kibali, mtakuwa mmeokoa pesa nyingi za usafiri.

*Mlinzi mstaafu: Mzee, mimi ni yule wa banda la nguruwe. Nimesoma nikajiona. Bati bado zipo, moja imepasuka kwa upepo. Nifanyeje?*

Kaka, nilijua iko siku utaandika. Usizishushe. Hamisha nguruwe kwanza. Ile iliyopasuka imwagilie maji, ifunike kwa turubai ulibane kwa mawe, na vipande vya chini uviokote vikiwa vimelowa, kwa glovu, mifuko miwili. Jumamosi nakuja na afisa afya wa kata. Gharama za mabati mapya ya banda ziko juu yangu.