Kabla Hujarudi Maktaba: Mambo ya Kuandaa kwa Sisi Wahamiaji wa Marekani

Jumanne jioni, katika tawi la maktaba ninapojitolea hapa Kentucky, kuna meza ya watu wanaojiandaa na mtihani wa uraia. Wengi ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Wiki tatu mfululizo kiti cha mama mmoja wa Uvira kilikaa wazi. Nilipompigia simu aliniuliza, "Mwanangu, maafisa wa uhamiaji wakinikuta hapo nimekaa, nikimbie?"

"Hapana mama, usikimbie," nilimjibu, halafu tukaongea karibu saa nzima. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyoyaongea, pamoja na mengine niliyoyafuatilia baadaye.

Woga wake una msingi. Januari 2025 serikali iliufuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia maafisa wa uhamiaji kukamata watu ovyo shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za ibada. Tarehe 8 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliisimamisha amri iliyokuwa imewakataza maafisa huko Los Angeles kusimamisha watu kwa sababu tu ya rangi, lugha, mahali walipo au kazi wanayofanya. Mtu mwenye lafudhi kama yetu hawezi kuambiwa hayo hayamhusu. Lakini kuiacha maktaba nako ni hasara kubwa. Pale ndipo wengi wetu tulipojifunza Kiingereza bure, tulipojaza fomu za kazi, na watoto wetu waliposomewa hadithi. Naomba mtu ajiandae, kisha aende.

Anza na karatasi. Sheria ya Marekani inamtaka kila asiye raia mwenye miaka 18 au zaidi awe na uthibitisho wa kuandikishwa kwake serikalini muda wote. Ukiwa na grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, tembea nayo. Mkimbizi ambaye bado hajaipata awe na I-94 yake, ile fomu ya kumbukumbu ya kuingia nchini. Pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa viache nyumbani, na nakala zake mpe mtu unayemwamini. Mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini anatakiwa na sheria aombe grini kadi. Kama mwaka umepita na hujaomba, hilo lipeleke kwa mwanasheria kabla ya jambo jingine lolote. Asiye na karatasi kabisa naye amwone mwanasheria mapema. Karatasi za bandia asizibebe, na asidai kuwa ni raia, maana hayo mawili yanaharibu kesi kuliko kunyamaza. Haki ya kunyamaza ni ya kila mtu aliye kwenye ardhi ya Marekani, raia na asiye raia.

Sasa jina na namba. Hapa ndipo ninaona watu wetu wanakwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu akikamatwa, ndugu zake humtafuta kwenye mtandao wa serikali wa kutafutia walioshikiliwa. Wanaweza kumtafuta kwa namba yake ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A, pamoja na nchi aliyozaliwa. Au wamtafute kwa jina, ila liandikwe vilevile lilivyoandikwa na serikali. Fikiria sasa majina yetu. Mtu mmoja ameandikwa jina la babu upande wa ukoo, mdogo wake ameandikwa la baba, herufi l imegeuka r kwenye fomu ya kambini na hakuna aliyerekebisha. Halafu kijana aliyezaliwa Nyarugusu ni Mkongo kwa uraia, lakini nchi yake ya kuzaliwa ni Tanzania. Ndugu wakiandika Kongo, wanaweza kuhangaika usiku kucha wasimwone. Chukua karatasi leo. Kwa kila mtu wa nyumbani andika namba ya A, jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi yake, tarehe ya kuzaliwa iliyoandikishwa hata kama ni ile Januari mosi tuliyopewa wengi, na nchi ya kuzaliwa. Hiyo karatasi isikae kwenye pochi yako. Ikae kwa ndugu au rafiki wa karibu. Wewe shika kichwani namba mbili za simu, kwa sababu simu yenyewe itachukuliwa. Kama una watoto, kubalianeni mapema nani atawafuata, na jina lake lijulikane shuleni.

Kuhusu jengo lenyewe, ijue tofauti ya sehemu mbili. Ukumbi wa vitabu na kompyuta ni mahali pa wote, na maafisa wanaweza kuingia kama mtu mwingine yeyote. Ofisi na vyumba vya wafanyakazi ni jambo jingine: kuingia humo bila ruhusa wanahitaji waranti, yaani hati ya amri, ya mahakama. Waranti niliwaonyesha wenzangu mezani kwa mifano miwili iliyochapishwa. Ile ya mahakama ina jina la mahakama juu na sahihi ya jaji chini. Ile nyingine, mara nyingi Fomu I-200, juu imeandikwa jina la Wizara ya Usalama wa Ndani, na aliyetia sahihi ni afisa wa uhamiaji. Hiyo ya pili ina jina la mtu wa kukamatwa, lakini haifungui mlango wa chumba kisicho cha umma. Muulize mkutubi kabla: chumba cha darasa letu kinahesabiwa upande gani? Maafisa wakija, nani kati ya wafanyakazi ataongea nao? Maktaba iliyojipanga itakujibu bila kusitasita. Isipokuwa na jibu, swali lako litawasukuma walitafute.

Na ile ya kukimbia: tangu 2000 Mahakama ya Juu imekubali kwamba mtu kukimbia akiona polisi kunaweza kuhesabiwa kama sababu mojawapo ya kumshuku. Kaa, mikono ionekane, uliza kwa utulivu, "Je, niko huru kuondoka?" Ukiambiwa ndiyo, ondoka taratibu. Ukiambiwa hapana, sema unataka mwanasheria, usitie sahihi usichokielewa.

Wengi huniuliza kama maktaba hutoa majina. Majimbo 48 yana sheria ya kulinda siri za wasomaji. Hapa kwetu Kentucky, na kule Hawaii, ulinzi huo umesimama juu ya maoni ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Wakutubi wana historia ya kulisimamia hilo. Mwaka 2005 FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, iliwadai wakutubi wanne wa Connecticut kumbukumbu za matumizi ya kompyuta, na ikawakataza wasimwambie mtu. Walikwenda mahakamani, na 2006 serikali ikaondoa katazo hilo na kuachana na dai lenyewe. Lakini mkutubi hawezi kukulinda na uliyoyaacha mwenyewe. Zima kipengele cha kuhifadhi orodha ya vitabu ulivyoazima. Toka kwenye barua pepe yako kabla hujainuka. Na tafadhali, angalia trei ya printa. Nimeokota pale fomu nzima ya mtu, namba ya A, anwani, majina ya watoto, yeye amekwisha kwenda kupanda basi.

Mkutubi pia haruhusiwi kukushauri mambo ya sheria. Tafuta mwanasheria, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kwa kesi za uhamiaji. Wajanja wanaojaza fomu kwa fedha nyumbani kwao wamewaponza wengi.

Kwa wa mtihani: aliyewasilisha ombi la uraia kuanzia Oktoba 20, 2025 anajiandaa na maswali 128, anaulizwa hadi 20, anatakiwa kupata 12. Wa kabla ya hapo ni maswali 100, anaulizwa hadi 10, anatakiwa kupata 6. Kwenye rafu zetu vitabu vya zamani bado vipo, kwa hiyo tazama mwaka wa kitabu kwanza.

Limebaki la maktaba yenyewe. Machi 14, 2025 rais alitoa amri ya kuipunguza IMLS, taasisi ya taifa inayozipa maktaba ruzuku tangu 1996, kadiri sheria inavyoruhusu. Wafanyakazi wake walipewa likizo ya lazima, ruzuku zikakatwa, na Maktaba ya Jimbo la Maine ikaachisha kazi watu 13. Majimbo 21 yalishtaki, na Novemba 2025 jaji wa Rhode Island aliamua hatua hizo zilikuwa kinyume cha sheria. Desemba ruzuku zikarejeshwa. Ila sehemu kubwa ya fedha za tawi lako hutoka kwenye kodi za hapo mlipo, na bodi inayozigawa hukutana hadharani. Huhitaji kuwa raia ili kukaa kwenye kikao hicho. Uliza tarehe, na uombe mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla.

Mama wa Uvira amerudi mezani. Kadi yake ameitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, na ile karatasi ya majina ameiacha kwa jirani. Jumanne iliyopita alikosa maswali manne tu.