Jinsi ya kuendesha swichi ya video ya kidijitali na kuipa amri ukiwa mbali

Kazi ya swichi ya video ni rahisi kuieleza: inapokea picha kwenye tundu la kuingilia na kuitoa kwenye tundu la kutokea ulilochagua. Ugumu huanza unapotaka kuibadilisha ukiwa chumba kingine. Skrini ikiwa nyeusi, huwezi kujua mara moja kama amri haikufika, au ilifika ila picha ndiyo iliyokataa kupita. Mafundi wengi hukimbilia kukagua mtandao, kumbe tatizo liko kwenye waya wa HDMI. Kwa hiyo usiunganishe waya wowote wa udhibiti mpaka kila chanzo (kamera, laptopu, kicheza filamu) kimeonekana kwenye kila skrini kwa kubonyeza vitufe vya mbele kwa mkono.

Aina ya swichi na aina ya waya

Swichi ya kuchagua ina vyanzo vingi na skrini moja. Matriksi inaweza kupeleka chanzo chochote kwenye skrini yoyote, hata chanzo kimoja kwenye skrini zote. 8x8 maana yake matundu 8 ya kuingilia na 8 ya kutokea. Mikisa ya video ni ya matangazo ya moja kwa moja: inakata, inafifisha, inaweka maandishi juu ya picha. Hapa tunashughulika zaidi na matriksi.

SDI, njia ya video ya kamera na vifaa vya kitaalamu, hupita kwenye kebo ya koaksia ya ohm 75 yenye viunganishi vya BNC, na husafiri upande mmoja tu. Kamera inatuma, haijali nani anapokea. Kasi zake ni gigabiti 1.485 kwa sekunde kwa toleo la HD, 2.97 kwa toleo la 3G na 11.88 kwa toleo la 12G. Swichi ya 3G haitapitisha 4K60 (picha za 4K, 60 kwa sekunde) ya waya mmoja, hata ukiiamuru vizuri namna gani.

HDMI ni mazungumzo ya pande mbili, na hapo ndipo muda mwingi wa fundi unapopotelea.

Mazungumzo ndani ya waya wa HDMI

Ukichomeka, chanzo hutoa volti 5 kwenye pini ya 18. Skrini hujibu kwa kuinua pini ya 19, kama kusema "nipo". Kisha chanzo husoma, kupitia pini za 15 na 16, jedwali dogo liitwalo EDID: baiti 128 za msingi na kwa kawaida nyingine 128 za nyongeza. Humo skrini imeandika picha inazoziweza na sauti inazozijua. Chanzo kinachagua kutokana na jedwali hilo.

Swichi ikikaa katikati, yenyewe ndiyo inayojibu kwa niaba ya skrini. Swali ni je, inajibu kwa jedwali la nani? Ukiiacha inakili EDID ya televisheni ya 4K iliyoko kwenye tundu la kutokea la 1, chanzo kitatuma 4K, na projekta ya 1080p kwenye tundu la 2 itabaki nyeusi. Amri imetekelezwa sawasawa na picha hakuna.

Dawa yake: ingia kwenye menyu ya EDID ya swichi na uweke, kwa kila tundu la kuingilia, jedwali ambalo skrini dhaifu kuliko zote inalimudu. Kwa mchanganyiko wa televisheni na projekta, 1080p60 yenye sauti ya stereo ndiyo salama. Usidharau hilo la sauti. Jedwali likitaja sauti ya mzingo ya spika sita, kicheza filamu kitaituma hiyo, na skrini yenye spika mbili itaonyesha picha huku imenyamaza kimya. Ukishabadilisha EDID, chomoa chanzo na ukichomeke tena ili kisome upya.

Baada ya EDID huja HDCP, ulinzi wa nakala. Chanzo kinachodai HDCP 2.2 hakitapita kwenye swichi, kirefushi wala skrini inayojua 1.4 tu, kiungo kimoja cha zamani kinatosha kuzima mnyororo mzima. Kila ukibadilisha njia, vifaa hupeana upya funguo za siri, na ndiyo maana picha huchukua sekunde kadhaa kurudi. Usibonyeze mara ya pili kwa papara, unaanzisha mazungumzo upya. Baadhi ya laptopu huwasha ulinzi huo mara tu zinapoona upande wa pili unaukubali, hata kama kinachoonyeshwa ni slaidi zako mwenyewe. Swichi nyingi za kitaalamu zinakuruhusu kuzima HDCP kwenye tundu moja moja la kuingilia. Zima HDCP kwenye tundu la laptopu ya kuwasilishia, na kinasa video chako kitaacha kuonyesha weusi.

Kuhusu urefu: 4K60 yenye rangi kamili inahitaji gigabiti 18 kwa sekunde, na kebo ya kawaida ya shaba huimudu kwa mita chache tu. Vinukta vyeupe vinavyometameta kwenye picha ni dalili ya kebo inayoshindwa. Kebo ya nyuzi za mwanga ina mwelekeo: kichwa kimoja ni cha chanzo, kingine cha skrini, na kugeuza ni sawa na kutochomeka. HDBaseT, njia ya kupeleka HDMI mbali, hufika hadi mita 100 kwenye kebo ya mtandao ya Cat6, lakini tundu lake linafanana kabisa na la mtandao. Usiipitishe kwenye swichi ya mtandao. Kebo itoke kifaa hadi kifaa.

Kukata bila kuruka, kwa SDI

Matriksi nzuri ya SDI hubadilisha njia kwenye mistari isiyoonekana kati ya picha moja na nyingine. Mwongozo wa RP 168 wa SMPTE, shirika la viwango vya video, unataja mahali penyewe: mstari wa 7 kwa 1080, wa 10 kwa mfumo wa mistari 525, wa 6 kwa ule wa 625. Hilo linafaa tu ikiwa kamera zote na swichi zinapokea ishara moja ya marejeo na kuanza fremu kwa pamoja. Bila hiyo, picha itaruka kila unapokata. Kagua pia mpigo wa fremu: 59.94 na 60 ni vitu viwili tofauti, ingawa menyu nyingine huziandika zote "60".

Udhibiti kwa RS-232

RS-232 ni njia ya kutuma amri kwa waya, biti moja baada ya nyingine. Ni teknolojia ya zamani na bado ndiyo ya kuaminika zaidi katika chumba kimoja. Nyaya tatu zinatosha: pini ya 2, ya 3 na ya 5 (ardhi) kwenye kiunganishi cha pini tisa. Mpangilio uliozoeleka ni kasi ya 9600, biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti 1 ya kusimamisha, lakini soma mwongozo wa kifaa chako, kwani vingine hutoka kiwandani na 115200. Kasi isipolingana utapata herufi za ajabu. Ukipata kimya kabisa, shuku nyaya.

Kujua kama unahitaji kebo iliyonyooka (pini ya 2 kwa ya 2, ya 3 kwa ya 3) au iliyopishana (ya 2 kwa ya 3), chukua kipima volti (multimita). Washa swichi, acha kebo nje, pima pini ya 2 kisha ya 3 dhidi ya ya 5. Pini inayotuma huonyesha volti hasi, kwa kawaida kati ya −5 na −12, hata ikiwa imetulia. Inayopokea huwa karibu na sifuri. Pima hivyo hivyo upande wa kompyuta, kisha unganisha inayotuma na inayopokea. Kazi ya dakika mbili, na inaokoa alasiri nzima ya kubahatisha. Ukiona volti chanya 3.3 au 5 badala ya hasi, hiyo si RS-232 halisi. Usiunganishe bila kibadilishi.

Udhibiti kwa mtandao

Ipe swichi anwani ya IP ya kudumu. Anwani inayogawiwa na ruta hubadilika siku moja, na vitufe vyote vinakufa kwa mpigo. Kuifikia mara ya kwanza, weka laptopu kwenye mtandao uleule wa anwani ya kiwandani. Mikisa za ATEM za Blackmagic, kwa mfano, huja na 192.168.10.240, ipe laptopu 192.168.10.5 na kinyago cha mtandao 255.255.255.0, unganisha kwa kebo moja kwa moja, kisha jaribu `ping`, amri ya kuuliza kama kifaa kipo mtandaoni. Ikijibu, badilisha anwani iende kwenye mtandao wako na uiandike kwenye kibandiko juu ya kifaa.

Sasa amri zenyewe. Tuseme unataka chanzo cha tundu la 3 kiende kwenye skrini ya tundu la 5. Kwenye matriksi nyingi za kampuni ya Extron, kwa RS-232 au kwa Telnet (amri za maandishi kupitia mtandao) mlango wa 23, unatuma:

`3*5!`

Jibu linarudi `Out5 In3 All`. Ukitaja tundu la kuingilia lisilokuwepo, unapata `E01`.

Kwenye Videohub, matriksi ya kampuni ya Blackmagic, kwa muunganisho wa mtandao wa TCP mlango wa 9990, jambo lilelile linaandikwa:

`printf 'VIDEO OUTPUT ROUTING:\n4 2\n\n' | nc -w 2 192.168.10.50 9990`

Tazama vizuri mistari hiyo miwili. Ya kwanza inataja chanzo kisha skrini. Ya pili inataja skrini kisha chanzo. Ya kwanza inahesabu kuanzia 1. Ya pili inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo 5 imekuwa 4 na 3 imekuwa 2. Anayehamisha skripti kutoka kifaa kimoja hadi kingine bila kuliona hilo atapeleka picha isiyo sahihi kwenye skrini isiyo sahihi, na hakuna kosa litakaloripotiwa, kwa kuwa amri yenyewe ni halali. Mstari mtupu wa mwisho nao si pambo. Bila hiyo `\n\n` (kila `\n` ni kuanza mstari mpya) Videohub inaendelea kusubiri, ikidhani hujamaliza kusema.

Ukiunganishwa tu, Videohub inamwaga hali yake yote, ikianza na `PROTOCOL PREAMBLE:`. Kisha inajibu amri yako kwa `ACK`, au `NAK` kama haikuielewa. `ACK` maana yake ni kwamba amri imepokelewa. Kinachothibitisha kuwa njia imebadilika ni kichwa `VIDEO OUTPUT ROUTING:` kinachofuata kikiwa na `4 2` chini yake. Tundu la kutokea huweza kufungwa na mtumiaji mwingine. Angalia orodha ya `VIDEO OUTPUT LOCKS:`, ambapo `U` ni wazi, `O` limefungwa nawe, `L` limefungwa na mwingine.

Kanuni ya kuandika programu ya udhibiti inatokana na hapo: taa ya kitufe iwashwe na jibu la swichi, si na kidole kilichobonyeza. Ukitumia programu ya Bitfocus Companion na kibao cha vitufe cha Stream Deck, weka rangi ya kitufe ifuate hali inayoripotiwa na kifaa. Vinginevyo mtu akibadilisha kwa vitufe vya mbele, meza yako itaendelea kudanganya mpaka mtazamaji alalamike.

Tuma amri moja, subiri jibu, ndipo utume inayofuata. Kama kifaa hakijibu chochote, acha angalau sekunde 0.1 katikati. Fungua muunganisho mmoja na uuweke hai; kwenye Videohub, `PING:` yenye mstari mtupu baada yake hurudisha `ACK`. Swichi ndogo hukubali miunganisho michache tu, na skripti inayofungua mpya kila mara bila kufunga ya zamani itaizibia milango hadi uizime na kuiwasha. Unapobadilisha njia nyingi kwa pamoja, hifadhi mpangilio ndani ya swichi na uuite kwa amri moja.

Amri hizi husafiri kama maandishi ya wazi, na 9990 haiulizi nywila. Yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kubadilisha picha. Tenga swichi kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao mkuu), na kama lazima uifikie kutoka nje, pitia VPN (njia ya siri ya mtandaoni). Kufungua mlango huo kwenye ruta uelekee intaneti ni kuomba balaa.

Infraredi (mwanga wa rimoti) na CEC (amri zinazopita kwenye pini ya 13 ya HDMI) zinafaa kuwasha na kuzima televisheni. Kwa kubadilisha njia tusizihesabu sana: infraredi haileti jibu, na rimoti yenye kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima itazima skrini iliyokuwa tayari imewaka.

Picha isipoonekana

Fuata amri kuanzia mwanzo wake. Swichi inajibu `ping`? Inajibu amri? Hali inayoripoti ni ile uliyoitaka? Ikiwa ndiyo kwa yote matatu, acha udhibiti. Peleka chanzo kingine kwenye skrini ileile: kikionekana, kosa liko kwa chanzo cha kwanza, kwenye EDID au HDCP yake. Kisipoonekana, unganisha chanzo moja kwa moja kwenye skrini kwa kebo fupi, ukiiruka swichi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo utapona bila kujua kilichokuponya.

Kabla ya kukabidhi kazi, chomoa umeme wa swichi, hesabu hadi kumi, urudishe. Baadhi hukumbuka njia za mwisho, nyingine hurudi 1 kwa 1, 2 kwa 2. Kama yako inarudi mwanzo, iagize programu yako itume mpangilio upya kila muunganisho unaporejea. Washa swichi kwanza, kisha skrini, vyanzo mwisho. Bandika ndani ya mlango wa kabati jedwali la matundu lenye majina ya mahali, "kamera ya kushoto", "projekta ya nyuma", pamoja na anwani ya IP, mlango, kasi ya RS-232 na EDID uliyoweka kwa kila tundu.